Boksi Lililoombewa

"Hivi jirani, hili boksi la mwanao tunalolipia kila mwezi, tunakula vitafunio au tunakula jina lako?"

Aliyeuliza alikuwa Fundi, mshona nguo wa nyumba ya pili, asubuhi moja akiwa uani kwake anakamua mashuka. Mama Nguzo alikuwa upande huu wa ukuta mfupi, anaanika zake. Fundi aliuliza kwa kicheko, kama watu wanavyouliza jambo linalowauma, ili likipokelewa vibaya waseme walikuwa wanatania. Mama Nguzo hakucheka. Alibana kibanio kwenye kamba, akamjibu kwamba kama jina lake lina ladha basi aongeze chumvi ale ashibe, kisha akachukua beseni lake akaingia ndani. Siku nzima ile alipiga pasi kwa hasira, na kola za watu zikatoka zimenyooka kama mbao.

Hasira ile ilikuwa na sababu. Mjane yule hakuwa na shamba wala nyumba ya kupangisha. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na pasi ya chuma, na kwa pasi hiyo, na kwa kumshika Mungu bila kumwachia, alifua na kunyoosha nguo za watu mpaka wanawe wakasimama kwa miguu yao. Mali aliyobaki nayo ilikuwa moja tu, neno lake. Wanawake wa kikundi cha sala walimwita Mama Nguzo kwa ajili ya nguzo ya nyumba ya ibada aliyozoea kukaa chini yake, lakini jina lilimkaa kwa sababu nyingine pia. Akisema jambo, limesimama. Mwaka fulani msichana wa kazi alishutumiwa kwamba ameiba hereni za mwajiri wake, kelele zikajaa mtaa, polisi wakaanza kutajwa. Mama Nguzo alikuwa amepeleka nguo pale asubuhi ile. Akasema, "Kuchukua sikumwona. Nilichoona ni kwamba alikuwa anazitafuta kwa machozi mpaka chini ya kitanda." Mambo yakaishia hapo. Hata yule mwajiri hakuuliza swali la pili. Mama Nguzo kasema, basi.

Sasa huyo ndiye mtu aliyeulizwa kama jina lake linaliwa.

Boksi lenyewe lililetwa na kitinda mimba wake. Mtaani walimwita Meneja tangu utotoni, maana hata kwenye mchezo wa kujenga nyumba za mchanga, wengine walichimba na yeye akasimama pembeni akielekeza. Ukubwani alipata kazi katika stoo ya hoteli. Hoteli ilipouzwa na mwenyewe mpya akaja na watu wake, Meneja alirudi kwa mama yake akiwa na mke mmoja na maneno mengi. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba huko duniani watu hawahangaiki tena kutafuta cha kutafuna. Wanajiandikisha mara moja, na kila mwezi boksi linawafuata mlangoni: korosho, mbegu za maboga, nanasi kavu lisilo na sukari, biskuti za shayiri. Vitafunio vya afya. Anayetaka kuacha anapiga namba fulani. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba kujiandikisha kulikuwa rahisi kama kuteleza kwenye sabuni, lakini namba ile ya kuacha iliita tu kama simu ya marehemu.

Mwanzoni Mama Nguzo alimsikiliza kwa sikio moja. Lakini kijana hakukosea yote. Wanawake wa sala walikuwa wameanza kuugua mmoja baada ya mwingine, huyu presha, yule sukari, na bado kila baada ya ibada walikunywa chai tamu ya kusimamisha kijiko. Akaonja boksi la kwanza. Korosho zilikuwa mpya, na nanasi lilikuwa na ule ukali wake wa kuzaliwa. Akaridhika. Juma lile, ibada ilipokwisha, akasimama chini ya nguzo yake akasema maneno machache kwamba ameonja, kwamba ni kitu kizuri, na kwamba mwanawe atawapelekea mpaka mlangoni. Hakukuwa na haja ya kuongeza. Walipanga mstari mbele ya simu ya Meneja kama watu wanaopanga kwa daktari, na Fundi, aliyekuwa na sukari ya miaka mingi, alikuwa miongoni mwa wa mbele.

Siku hizo walipakia sebuleni kwa Mama Nguzo, yeye na mkwewe, mke wa Meneja, wakikaa sakafuni na kusogezeana mifuko. Kabla maboksi hayajatoka Mama Nguzo aliweka mkono juu ya rundo, akafumba macho, akawaombea watakaokula. Lilikuwa jambo lake na Mungu wake, hakumtangazia mtu.

Kumbe Meneja alikuwa amesimama mlangoni na simu yake, akampiga picha.

Hilo hakulijua mpaka miezi ilipopita. Upakiaji ulikuwa umehamia chumba cha kukodi nyuma ya gereji, kwa maelezo kwamba mama apumzishe magoti. Siku moja akaingia kwa Fundi kuchukua gauni lililokuwa likipunguzwa, akakuta boksi juu ya cherehani, na juu ya kifuniko akajiona mwenyewe: macho yamefumbwa, mkono umenyooshwa, na chini yake herufi kubwa za kijani, LIMEOMBEWA. Jioni alimwita mwanawe akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kuuza sala. Meneja akasema si kuuza, mama, ni heshima, watu wanataka kujua kitu kimepita kwenye mkono wa nani. Na kabla hasira haijapata pa kukaa, wanawake wakaanza kuja kumpongeza. Mwenyekiti wa kikundi alikiweka kifuniko dirishani kwake kama picha ya harusi. Mama Nguzo akavishwa kilemba cha ukoka, na kilivyokuwa kinampendeza hakukivua upesi.

Kuanzia hapo boksi lilizidi kupendeza nje na kukonda ndani. Chini yake ziliongezwa karatasi za rangi zilizochanwachanwa, zile zinazofanya kitu kidogo kionekane kimelazwa kitandani. Korosho zikageuka karanga. Biskuti zikaanza kufika zimevunjika, na unga wake ukahesabiwa kuwa biskuti. Mwanamke yeyote aliyewahi kupita sokoni alijua kwamba vile vile vilivyomo angepimiwa kwa kopo, akaongezwa na kiganja cha nyongeza, na akarudi nyumbani na nauli mkononi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hili lilikuwa likijitembeza mpaka milangoni mwa watu. Walijua na walinyamaza. Nani amwambie Mama Nguzo kwamba alichokiombea hakina thamani? Hapo ndipo Fundi alipouliza swali lake juu ya ukuta, akajibiwa aongeze chumvi. Akaona haya. Akaendelea kulipia, na kwa kuwa amelipia, akaendelea kula.

Alianguka mchana, akiwa kazini. Kichwa kililala juu ya cherehani na mguu bado uko kwenye pedali. Mteja aliyekuja kuchukua sare za shule ndiye aliyepiga yowe. Mama Nguzo alisaidia kumbeba, akapanda naye gari mpaka hospitali, akakaa kwenye benchi la kando ya kitanda akisali kimoyomoyo hadi Fundi alipofumbua macho na kuuliza sare zake ziko wapi.

Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Alimuuliza Fundi amekuwa akila nini, maana sukari yake ilikuwa imepanda mpaka kipimo chenyewe kimeshangaa. Fundi akasema anakula vya afya tu. Na vidonge vya jioni? Fundi akageuzia uso ukutani. Kisha, kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa na kidole kwenye asali, akasema vya jioni alikuwa ameviacha.

"Umeviacha kwa nini, mama?"

"Lile boksi halina sukari. Na limeombewa. Nikasema, sasa vidonge vya nini tena? Jioni nilikuwa nakula lile nanasi, nalala."

Boksi lilikuwa ndani ya mfuko ambao mteja aliufunga haraka haraka pamoja na nguo za mgonjwa. Nesi akalitoa. Akaangalia kifuniko, akamwangalia mwanamke aliyekaa kwenye benchi, akarudia kifuniko. Alichukua kipande cha nanasi akakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, na alipoviachanisha vidole vikavutana kwa uzi mwembamba unaong'aa. Akaliweka boksi chini ya kitanda, mbali, akaenda kunawa.

Mama Nguzo alikuwa amepitia mengi, lakini hakuwahi kutazamwa namna ile. Afadhali angepigwa kofi. Alikaa na mikono juu ya mapaja, akahisi hasira ikimpanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, kimya kimya kwanza, halafu yote kwa pamoja. Alimkasirikia mwanawe. Alimkasirikia Fundi kwa kuwa mjinga kiasi kile. Na alipofika kwa nafsi yake, hapo akainuka, kwa sababu hasira ya namna hiyo haikaliwi kwenye benchi.

Alikwenda moja kwa moja nyuma ya gereji, kwa miguu, magoti yakimlaumu njia nzima. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Mkwewe alikuwa amesimama mbele ya jiko la gesi, jasho linamtiririka, anakoroga sufuria kubwa ya shira nzito ya sukari. Pembeni kulikuwa na beseni la nanasi kavu, vipande vyeusi vyeusi, vya kukunja uso, vinangoja zamu ya kuzamishwa. Kwenye kona vifuniko vilipangwa rundo refu. Juu ya kila kimoja Mama Nguzo alikuwa amefumba macho.

Mkwe akashusha mwiko, akamwamkia kwa heshima. Salamu haikuitikiwa, na tangu aolewe jambo hilo halikuwahi kutokea. Akajua mambo yameharibika.

Meneja alikuwa mezani na simu sikioni, anamwita mteja mpendwa. Alipomwona mama yake akakata. Mama Nguzo akamuuliza sufuria ile ni ya nini, na kama ni shira, shira inatafuta nini kwenye kitu kilichoandikwa hakina sukari. Meneja akamvutia kiti. Hakukaa. Basi akaanza kumweleza kwa upole, taratibu, kama anayemweleza mgeni njia. Nanasi zuri limepanda bei. Hili la bei nafuu ni chachu, linakwaruza ulimi, wateja wakawa wananung'unika. Alipolitia utamu kidogo tu, manung'uniko yakaisha, tena wapo waliotuma ujumbe wa kushukuru.

"Fundi yuko hospitali," Mama Nguzo akasema.

"Nimesikia, mama. Mungu amponye."

"Usimtaje Mungu hapa."

"Mama, Fundi ana sukari tangu mimi niko shule. Leo imekuwa ni mimi?"

"Ameacha vidonge kwa sababu ya sura yangu."

Meneja akapumua kama mtu aliyekuwa akitunza jambo kwa muda mrefu. "Ngoja nikwambie ukweli, mama. Watu hawataki afya. Afya ni kutembea kwa miguu na kula majani, nani ana muda huo? Wanataka kuambiwa wana afya huku mdomo unasikia utamu. Mimi nauza hiyo. Na kabla hujasimama pale kwenye ibada, mimi nilizunguka mtaa mzima hakuna aliyenifungulia mlango. Hawakununua korosho. Wamekununua wewe."

Mkono wa Mama Nguzo uliinuka wenyewe, ule mkono wa kifuniko. Akautazama, akaupeleka kwenye jiko akazima gesi. Moto ukafa kwa mlio mdogo. Kisha akamgeukia mkwewe akamuuliza na yeye je, alikuwa haoni?

"Nilimuuliza, mama," mkwe akasema, na macho yalikuwa yamejaa. "Nilimuuliza mara nyingi. Aliniambia wewe unajua."

Mama Nguzo alirudi nyumbani bila kukumbuka amepita barabara gani. Aliloambiwa na mwanawe lilimkera, lakini lile la mkwe ndilo lililomchoma. Kwa hiyo kwenye chumba kile, kila siku, mbele ya jiko lile, yeye alikuwa mshirika. Msichana wa watu alikoroga uongo kwa amani kwa sababu Mama Nguzo anajua. Alipiga magoti kusali, maneno yakakataa. Akamwambia Mungu tu kwamba amekasirika na kwamba hana nia ya kupoa mapema, akainuka.

Siku Fundi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, wanawake wa sala walikubaliana kwenda kumjulia hali mchana. Asubuhi Meneja akamfuata mama yake, akamkuta anapiga pasi. Alikuja ametulia, amevaa shati alilonyooshewa na mama huyo huyo. Akaeleza kwamba maneno yameanza kuzunguka. Akaeleza pia kwamba kuna ofisi kubwa inayotaka boksi kwa wafanyakazi wake wote, na kwamba watu wa ofisi hiyo wanaulizia mtaani kabla ya kukubali. Kila kitu sasa kilining'inia kwenye yatakayosemwa kwa Fundi mchana ule. Hakumwomba mama yake aseme uongo, Mungu apishe mbali. Amkumbushe Fundi mbele ya watu kwamba aliacha vidonge, jambo ambalo ni kweli tupu. Halafu aombe. Basi.

"Kweli nusu," Mama Nguzo akasema.

"Nusu inatosha, mama. Nyingine ni ya familia."

Mama Nguzo akapitisha pasi juu ya mkono wa shati la mteja mpaka kikunjo cha mwisho kikaisha. Akasema atasema alichokiona. Meneja akamshukuru, akambusu mkono, akaondoka na furaha yake, maana alikuwa mtu wa kusikia anachokitaka.

Chumba cha Fundi kilikuwa kidogo. Cherehani ilikuwa imesukumwa ukutani, na juu ya kamba zilitundikwa sare za shule zisizo na mikono, jinsi zilivyoachwa siku ile. Fundi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amepungua mashavu. Wanawake walijaa, wengine ukingoni mwa kitanda, wengine kwenye vigoda, na Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kuzoea vikao, akapewa kiti pekee chenye mgongo. Waliimba kidogo, wakampa Fundi pole, wakamtania kwamba alitaka kutangulia mbinguni akashonee malaika. Halafu Meneja akaingia, mkewe nyuma yake na chupa ya chai. Alibeba boksi jipya lenye utepe. Alisema maneno mazuri. Alisema Fundi ni mama yake wa pili, alisema ugonjwa hauna adabu, alisema boksi hilo ni zawadi na la mwezi ujao pia atalileta bure. Akaliweka kwenye mapaja ya mama yake, na Mwenyekiti akasema haya, Mama Nguzo, tuombee.

Mama Nguzo akasimama, akaliweka boksi sakafuni.

"Hili siliombei," akasema. "Nilisimama mbele yenu nikasema nimeonja. Nilionja la kwanza. Haya mnayokula sasa, nanasi lake linapikwa kwenye sukari. Nimeona sufuria, nimeona shira, nimeona linavyozamishwa. Kifuniko kinasema uongo, na kwenye kifuniko niko mimi."

Kisha Meneja akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi kwa niaba ya mwingine, akasema mama amechoka, hajapata usingizi tangu siku ya hospitali. Mwanamke wa ukingoni mwa kitanda akasema labda ile shira ilikuwa ya chai ya wapakiaji. Mwingine akasema moshi wa chumba kile, na macho yetu haya ya uzee, mtu anaweza kuona hili akadhani lile. Mwenyekiti akakunja mikono akamuuliza taratibu kama ana hakika, na kama kuna mtu mwingine aliyeona.

Mama Nguzo akawatazama mmoja mmoja. Wanawake hawa hawa. Aliposema tamu, hakuna aliyetaka shahidi, hakuna aliyekumbuka macho yake ya uzee. Walipanga mstari. Leo mdomo ule ule umesema chungu, na ghafla wote wamekuwa mahakimu. Akaona kwamba neno lake, ambalo alilitunza kama mboni ya jicho, halikuwa limeheshimiwa hata siku moja. Lilikuwa limetumika tu. Akafumbua kinywa ili awaambie hivyo, na huenda angesema mengine ambayo mtu wa sala hapaswi kuyasema, lakini mkwe akamtangulia.

"Nilikuwa nakoroga mimi," akasema kutoka mlangoni, chupa ya chai ikiwa bado kifuani. "Tangu mvua zilizopita. Mama hakujua."

Meneja akageuka akamtazama mkewe kama mtu anayetazama kiti kilichozungumza.

Hapo hakukuwa na pa kukwepea, na Mwenyekiti akabadilisha gia kwa ustadi wa miaka mingi ya vikao. Akasema kumbe basi, shetani ameaibika, sasa tusimpe kiti. Haya ni mambo ya ndani. Aibu ya Mama Nguzo ni aibu ya kikundi kizima, na mtaa huu una midomo mirefu. Kijana aache hiyo shira kuanzia leo, vifuniko vilivyobaki vimalizike kimya kimya, na kwa wa nje jibu liwe moja, kwamba Fundi aliacha vidonge. Mwana akinyea kiganja, hakikatwi. Wanawake wakaitikia kwa miguno ya kukubali, mmoja mpaka akaanza kushukuru Mungu kwa msamaha ule. Meneja akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na Mama Nguzo aliyemzaa akaona mabega yake yakilegea kwa nafuu.

"Mnasamehe kwa niaba yangu," Fundi akasema kutoka kwenye mito, "na mimi bado niko hai."

Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Hakumtazama Meneja hata kidogo. Alimtazama Mama Nguzo.

"Na wewe jirani usikae unangoja nikushukuru. Mimi umeniambia kwa sababu nilianguka karibu na mlango wako. Wale wa mitaa mingine, ambao hawajaanguka, nani atawaambia? Sasa hivi tunavyoongea yuko mtu anatafuna nanasi lako, na vidonge viko kabatini."

Mama Nguzo alikuwa amekuja na tumaini moja dogo ambalo hakulikiri hata kwenye sala, kwamba akisema kweli mbele ya watu, Fundi atamnyooshea mkono. Mkono haukunyooshwa. Na jambo baya zaidi ni kwamba Fundi alikuwa sahihi. Alisema sahihi bila huruma, kama anavyokata kitambaa. Mama Nguzo alihisi hasira yake yote, iliyokuwa imetawanyika kwa mwanawe, kwa Mwenyekiti, kwa nesi, kwa nafsi yake, ikijikusanya na kupata njia ya kupita.

Akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, kwa kukaza. Akainama taratibu kwa ajili ya magoti, akalichukua lile boksi pale sakafuni, akalitia kwapani, utepe na yote.

Mwenyekiti akamuuliza anakwenda wapi tena, chai haijamiminwa. Mwingine akasema jamani mshikeni. Hakuna aliyemshika. Meneja ndiye aliyeelewa mapema kuliko wote, maana alizijua nyumba zilizojiandikisha na alijua mama yake anazijua pia, wengi wa waliomo nguo zao alizipiga pasi. Akasogea akaziba mlango. Umeneja wote ulikuwa umemtoka usoni, akabaki mtoto wa watu.

"Mama, ukianza kugonga milango umenimaliza," akasema. "Hakuna atakayenunua kwangu hata kiberiti. Mimi ni mwanao."

Mama Nguzo akamtazama. Alikuwa amembeba mgongoni akipiga pasi, hadi jasho lao likawa moja, na alikuwa anampenda hata sasa, na hasira haikupungua kwa hilo, iliongezeka. Akasimama mbele yake na boksi lake kwapani, akangoja, kama mtu anayengoja gari lipite ili avuke. Nyuma yake wanawake walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. Mkwe akaiweka chupa ya chai chini.

Meneja akasogea pembeni.

Mama Nguzo akapita mlangoni, akashuka ngazi moja moja, akaipita nyumba yake bila kuitazama, akashika njia ya kuelekea mitaa ya juu.